Waliotoka Bendini na Walichobeba

Ni desturi ya wapenzi wa muziki popote duniani kupanga kazi kwa daraja: ipi iketi mbele, ipi ifuate, ipi iachiwe mlangoni. Tangu kundi la Beatles la Uingereza lilipovunjika mwaka 1970, wapenzi wake hawajaacha kubishana ni nani kati ya wanne wale aliyetoa santuri bora baada ya kutengana na wenzake. Wako wanaomtanguliza George Harrison kwa All Things Must Pass ya mwaka huohuo wa 1970, kwa kuwa nyimbo alizolimbikiza kundini, ambako nafasi yake ilikuwa finyu, zilimwagika kwa mpigo zikajaza santuri tatu. Wako wa John Lennon, na wako wa Paul McCartney na Band on the Run ya mwaka 1973. Mabishano hayo yana utamu wake, na yana faida pia, maana humlazimisha msikilizaji aseme anachokipenda na aeleze kwa nini.

Makala hii inajaribu kuwapanga waimbaji wetu wa Kiswahili kwa namna hiyo: wale waliotoka katika bendi au vikundi vilivyowalea, wakasimama kwa jina lao. Ninaandika nikiwa Umwe, katika mji wa Ikwiriri, ukingo wa kaskazini wa mto Rufiji. Ni mbali kidogo na kumbi za Dar es Salaam na mbali zaidi na Unguja, ingawa boriti za mikoko ya delta yetu zilibeba dari za nyumba nyingi za mawe huko visiwani kabla hatujazaliwa. Mizani ninayotumia ni ya mtunzi wa mashairi na mfasiri. Huanza na maneno, kisha sauti, kisha vyombo. Msomaji mwenye sikio la gitaa atapanga vingine, na ana haki yake.

Kabla ya kupanga, sharti tujue tunapanga nini. Huko Uingereza mwanamuziki alipotoka kundini aliondoka na jina, na mkataba, na kampuni iliyokuwa tayari kumfyatulia santuri. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi kubwa za Tanzania Bara zilikuwa mali ya vyama na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama kilipobadilika: ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, hadi ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Bendi ya STC ilikuwa ya Shirika la Biashara la Taifa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Gitaa lilikuwa la mwajiri, na ngoma, na vipaza sauti, na mara nyingi hata shati la jukwaani. Mwimbaji aliyeamua kuhama aliondoka na koo lake tu.

Santuri nazo hazikuwa nyingi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua, na zilizokuja kuuzwa madukani zilitengenezwa Nairobi. Zilikuwa ndogo, za mizunguko 45, wimbo mmoja kila upande. Au wimbo mmoja ukikatwa vipande viwili, maneno upande wa kwanza na chemko upande wa pili, mithili ya shairi lililopasuliwa kati ya ukwapi na utao. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, na njia ile ya Nairobi ikawa nyembamba. Kilichobaki ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia pale zikarekodi, mikanda ikawekwa maktaba, nyimbo zikarushwa hewani. Hadi redio za watu binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, redio hiyo ilikuwa ndiyo santuri yetu sote.

Sisi wa Rufiji tulizipata nyimbo kwa mlango huo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka mto kwa pantoni, na masika yakichachamaa barabara ilikatika. Bendi hazikuwa wageni wa kila wiki. Mwenye redio na mawe mapya alikuwa na ukumbi wake barazani, na mwenye redio ya kurekodia alitega kanda tupu, akabonyeza mara tu mtangazaji alipotaja wimbo. Ndiyo maana kanda za zamani za huku kwetu zina sauti za watangazaji juu ya chemko, na nyingine zimekatika pale taarifa ya habari ilipoingia. Hizo ndizo albamu zetu. Kwa hiyo neno hilo nitalitumia kwa upana: albamu iliyotoka rasmi, mfululizo wa santuri, au rundo la nyimbo ambazo mtu alizirekodi katika kipindi kimoja baada ya kujitenga.

Kigezo cha pili kinahusu upweke wenyewe. Katika ngoma zetu za pwani manju huanzisha na watu huitika. Anayeanzisha anaweza kuwa na sauti ya kutetemesha minazi, lakini kibwagizo kisipopokewa ngoma imelala. Muziki wa dansi na taarabu vilirithi jambo hilo. Basi swali langu kwa kila aliyetoka ni hili: ulipotoka, ulimpata nani wa kukuitikia? Naamini hapo ndipo kazi bora ilipotengana na kazi nzuri.

Kwa kigezo hicho, Muhiddin Maalim Gurumo hayumo katika orodha, na kutokuwemo kwake ni heshima. Mzaliwa huyu wa Kisarawe alikuwa nguzo ya NUTA Jazz tangu mwanzo wake. Mwaka 1978 akatoka kwenda kuijenga Mlimani Park, na mtindo wa bendi hiyo ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 akatoka tena kwenda Orchestra Safari Sound, mtindo ukaitwa Ndekule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarudi alikoanzia, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki Aprili 2014. Kila alipotoka alikwenda kutengeneza waitikiaji wengine. Hakuwahi kutaka kuwa peke yake, hivyo hana kazi ya upweke ya kupangwa.

Sasa tuanze kutoka chini kwenda juu.

Nafasi ya tano naiweka albamu ya Bi Kidude iitwayo Zanzibar, ya mwaka 1998. Fatuma binti Baraka hakuwa mali ya kikundi kimoja. Aliimba alikoitwa, na katika miaka ya 1980 dunia ilianza kumfahamu akiwa na kikundi cha Twinkling Stars cha Unguja. Albamu ya jina lake ilimjia akiwa bibi kizee, umri ambao waimbaji wengi wamekwisha kusahauliwa. Kisha mwaka 2003 ikafuata Machozi ya Huba, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Alifariki Aprili 2013. Kwa sauti pekee angestahili kuketi juu zaidi: sauti iliyokwaruza kama jiwe la kusagia, isiyoomba radhi kwa uzee wake. Lakini nimesema naanza na maneno, na maneno mengi aliyoyaimba ni urithi kutoka kwa Siti binti Saad na kizazi chake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kuifanya sauti ya Kiswahili isikike katika gramafoni. Siti naye, kumbuka, alikuwa na wenzake: Mbaruk, Budda, Subeti, Mwalimu Shaaban. Watu wengi leo wanalijua jina moja tu. Kazi ya Bi Kidude ninayoipenda kuliko zote ni ile ya unyago, alipojifunga msondo kiunoni na kuupiga huku wanawake wakimpokea. Hapo hakuwa peke yake hata kidogo, na tofauti yake na nyimbo alizozungukwa na vyombo vya wageni husikika bila kuambiwa. Wapenzi wa dansi nao wasisahau kwamba jina la msondo, ambalo bendi ya wafanyakazi ililivaa, ni la ngoma hiyo ya kuwafunda wanawali.

Nafasi ya nne na ya tatu zote ni za mtu mmoja, na kuzipanga zenyewe kwa zenyewe kunafundisha. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki, akaingia Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha kusini alikotoka mfanyabiashara mwenye vyombo. Yaani hata huko alikokwenda kuwa kiongozi, gitaa lilikuwa na mwenyewe. Lakini maneno yalikuwa yake. Mwaka 1988 shirika la WOMAD la Uingereza lilitoa mkusanyo wa nyimbo zake ulioitwa Nalilia Mwana, na bendi ikaalikwa kuzunguka katika matamasha ya Ulaya. Mwaka uliofuata, 1989, akarekodi katika studio za Real World za Peter Gabriel albamu ya Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 akarekodi ya pili, Mambo.

Ya 1992 naiweka nne. Ina nguvu, na vyombo vimesafishwa vizuri, lakini baadhi ya nyimbo zake zimemgeukia msikilizaji wa mbali. Ukiona jina la One World au No Money, No Life unajua mwimbaji amehama jukwaa. Simlaumu. Mtu akialikwa mezani huzungumza lugha ya wenyeji wake. Ila Remmy wa Kiingereza ni mtu anayetoa ujumbe, na Remmy wa Kiswahili ni mtu anayegombana nawe barazani, anakuuliza swali na kusubiri umjibu. Mfasiri huliona hili upesi kuliko wengine. Maana ya sentensi huvuka bahari. Ugomvi wake hubaki ufukweni.

Ya 1989 naiweka tatu. Humo mna Kipenda Roho, mna Karola, mna Sauti ya Mnyonge, mna Muziki Asili Yake Wapi. Ajabu ya albamu hii ni kwamba imerekodiwa kijijini Uingereza lakini imebaki Sinza. Remmy hapambi lugha. Anatumia Kiswahili cha mtu aliyekipata ukubwani, chenye makosa madogo ya sarufi ambayo angeyasahihisha angepoteza nusu ya nguvu zake. Sentensi fupi, swali, kurudia, swali tena. Wazee wa ushairi watasema hakuna vina humo. Ni kweli, lakini kuna kituo: kila wimbo una mstari unaorudi ukiwa mzito zaidi kuliko ulipoondoka, kwa sababu ya yale yaliyosemwa katikati. Ndiyo kazi ya kituo hata katika tarbia. Na waitikiaji alikuwa nao, wale wanyonge aliowataja katika kila wimbo. Alipotunga Mambo kwa Soksi kuwahimiza watu wajikinge na ukimwi, redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ukaenea kwa kanda na kumbi, kwa midomo ya watu walewale. Alifariki Desemba 2010, akiwa amekwisha kugeukia nyimbo za dini, na kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kinatajwa na makondakta kila siku. Ni washairi wachache waliopewa kumbukumbu yenye kutamkwa mara nyingi kiasi hicho.

Nafasi ya pili ni ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka baada ya Morogoro Jazz. Aliingia bendi hiyo kongwe, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa yeye, akaifanya iwe jina la kutajwa kila penye redio. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Akiwa Morogoro Jazz alitunga maombolezo ya Dokta Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, na wimbo ule umebaki kuwa waraka wa historia kama zilivyo tenzi za vita. Walimwita Soloist National, jina lililohusu ufundi wake wa gitaa la solo. Lakini mtu huyo alikuwa bado ndani ya bendi. Mwaka 1973 akatoka, akaunda Super Volcano.

Miaka sita tu ilibaki. Katika miaka hiyo alirekodi kwa wingi kuliko wengi waliojaliwa miaka thelathini, na Shida ukawa wimbo wa Afrika Mashariki nzima. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, umri wake miaka 34. Baada ya kifo chake, kampuni ya Kenya iliyokuwa ikitoa santuri zake ilizikusanya katika mfululizo wa santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Mfululizo huo ndio ninaouweka hapa.

Kwa nini wa pili? Mbaraka aliyejitenga alipata mwitikiaji ambaye hakuna mwingine aliyempata: gitaa lake mwenyewe. Msikilize anapomaliza mstari. Kabla waimbaji wenzake hawajaingia, nyuzi zimekwisha kumjibu, mara nyingine kwa kukubali, mara nyingine kwa kumdhihaki. Wimbo unakuwa mazungumzo ya mtu na nafsi yake, na kwa hiyo hauwezi kuimbwa na mwingine ukabaki uleule. Jambo hilo limempa ukubwa wake, na limempa mpaka wake pia. Majina kama Jogoo la Shamba yanaonyesha jinsi alivyopenda methali iliyokwisha kukomaa vinywani mwa watu. Aliitwaa, akaikalisha juu ya mdundo, akaiacha ifanye kazi. Maneno yake ni mazuri, lakini mara nyingi ni nusu ya wimbo. Nusu ya pili haiandikiki. Ukiyanakili maneno ya Shida katika daftari utaona yamepungua.

Ya Marijani Rajabu ukiyanakili hayapungui. Ndiyo sababu ya kwanza ya kumweka juu.

Alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Akiwa kijana mdogo aliimba na STC Jazz, na mwaka 1972 akaingia Safari Trippers, bendi ya vijana ambayo wimbo wake wa Georgina ulimfanya ajulikane akiwa bado hajafika miaka 20 au ndiyo kwanza ameifika. Kisha akatoka, akaenda Dar International, mtindo Super Bomboka. Huko likamkuta jambo lisilo la kawaida katika orodha yetu. Mwaka 1978, Mlimani Park ilipokuwa ikiundwa, wenzake kadhaa wa Dar International walikwenda huko, miongoni mwao Cosmas Chidumule, Abel Balthazar na Michael Enoch. Marijani alibaki. Wengi wa niliowataja walitoka kwenye bendi. Kwake yeye, bendi ndiyo iliyotoka. Alijikuta amejitenga bila kuondoka.

Alichokifanya na wale aliowakusanya upya ndicho ninachokiweka nafasi ya kwanza: nyimbo za Dar International, Zuwena, Mwanameka, Masudi na ndugu zake. Tazama majina hayo. Ni majina ya watu, na hayo ndiyo mafundisho yake ya kwanza kwa mtunzi. Wengi wa wakati ule waliimba mapenzi, ulevi, ukahaba, tamaa ya mjini. Marijani aliimba mtu mmoja mwenye jina, mwenye wazazi, mwenye jambo lililomfika. Kisa kinaanza polepole, sauti ikiwa chini, kana kwamba anakusimulia mkiwa njiani mnatembea. Gitaa linasubiri. Hakuna neno linalomezwa na vyombo. Inapofika sehemu ya chemko umekwisha kumjua Masudi, na unacheza huku ukimhurumia. Utenzi wa kale wa pwani ulifanya hivyohivyo, ulimfundisha msikilizaji kwa kumsimulia maisha ya mtu mmoja. Sina hakika kama Marijani alipata kuzisoma tenzi hizo. Sikio lake lilikuwa limezisoma.

Na waitikiaji? Hapo ipo siri nyingine ya nyimbo hizi. Kiitikio chake hakirudii alichokisema msimulizi. Kinasema kile ambacho majirani wangesema. Msimulizi anamlilia mtu, waitikiaji wanaonya. Unasikia nyumba mbili, ya mwenye msiba na ya jirani yake, katika wimbo mmoja. Mtu aliyeachwa na wenzake aliweza kujenga mtaa mzima ndani ya studio.

Sababu ya pili ya kumweka juu ni chungu. Kazi hii ninayoipa nafasi ya kwanza haikutoka kama albamu. Zilikuwa nyimbo moja moja zilizorekodiwa Radio Tanzania, zikahifadhiwa kama mali ya redio, zikarushwa hewani maelfu ya mara. Waliozipanga zikawa mkusanyo ni wanakiliji wa kanda, kila mmoja kwa mpango wake. Mtunzi wake, aliyeitwa Jabali la Muziki, katika miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuuza kanda dukani, akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 40. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chama cha kuisimamia, COSOTA, kikafuata. Kwa Marijani, wali ulipakuliwa mgeni amekwisha kuondoka.

Nimeziweka hapa nne za watu watatu wa bara na moja ya bibi wa visiwani, na najua msomaji wa Unguja atauliza: mbona taarabu umeipa kiti kimoja, tena cha mwisho? Jibu langu ni kwamba taarabu imekuwa na hekima ya kukitanguliza kikundi. Ikhwani Safaa, Culture, Black Star ya Tanga: jina la kikundi lilidumu, waimbaji wakapokezana. Hata Khadija Kopa alipotoka Culture kwenda Tanzania One Theatre, na mipasho yake na Nasma Khamis ikatikisa miaka ya 1990, aliingia kundini tena, hakusimama nje. Anayetaka kunipinga na aniletee jina. Nitalipokea kwa mikono miwili.

Yupo mmoja ambaye siwezi kumpanga, na kwa mwandishi wa Rufiji kumwacha kungekuwa utovu wa adabu. Bibi Titi Mohamed, kabla ya siasa, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955 alijiunga na TANU, na sauti iliyokuwa ikianzisha nyimbo ikaanza kuanzisha mikutano. Wanawake wa vikundi vya ngoma walimfuata, kwa kuwa walikwisha kuzoea kumwitikia. Baadaye akawa mbunge wa Rufiji, hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1965. Yeye ndiye aliyetoka kundini na kupata kiitikio kikubwa kuliko wote, na hakuacha santuri ya kuweka katika orodha yoyote. Nimemtaja ili tukumbuke kwamba sauti iliyorekodiwa ni sehemu ndogo ya sauti zilizokuwepo.

Hapo ndipo palipo na hatari kwetu. Leo nyimbo hizi zote, ukizisikia redioni au katika maduka ya Ikwiriri stendi, zimepewa jina moja: zilipendwa. Ni neno zuri, lakini litazameni kisarufi, enyi wapenzi wa lugha. Ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Linasema zilipendwa, halisemi zilitungwa na nani. Vijana wa hapa Umwe wanaijua Zuwena kuanzia mwanzo hadi chemko, na ukiwauliza ni ya nani watakujibu: ni zilipendwa. Mtunzi amepotelea ndani ya sifa ya wimbo wake. Kwa washairi jambo hili si geni, maana mashairi mangapi ya pwani tunayasoma chini yake pameandikwa hayana mwenyewe? Katika hali hiyo, nilijitungia beti hili nilipokuwa nikizipanga kanda:

Aliyetoka bendini, hakutoka na gitaa,
Alibeba kifuani, sauti iliyojaa,
Jina liko redioni, mwenyewe alala njaa,
Wa kumjibu ni nani, jukwaa likinyamaa?

Jibu la mstari wa mwisho ni dogo na linawezekana. Mikanda ya Radio Tanzania ipo, imerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, na kila mkanda ulioandikwa vizuri una jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi. Mtangazaji anayeupiga wimbo anaweza kulitaja hilo la tatu. Ni sekunde mbili. Mwenye kanda ya nyumbani anaweza kuliandika kwenye karatasi ya kasha kabla mwenye kulijua hajafa. Mimi nimekwisha kuziandika zangu. Orodha niliyoitoa hapa naomba ipingwe, ipinduliwe, wa kwanza awe wa tano. Kila atakayebisha atalazimika kulitaja jina la mtu.